Ukungu wa Nje na Ukungu wa Ndani

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo mkazi wa Karagwe huviona vikifuatana. Ukungu ni lile wingu linalolala mabondeni alfajiri mpaka jua lipande. Ukungu pia ni ule unyoya wa kijani au mweusi unaoota kwenye mkate uliosahaulika, kwenye viatu vilivyosukumwa chini ya kitanda, na kwenye godoro la nyumba iliyofungwa miezi miwili ya mvua. Anayefungua nyumba ya wageni mlimani mwishoni mwa masika huukuta ukungu wa aina zote mbili siku hiyohiyo, na kazi yake yote, kabla ya mgeni wa kwanza kuteremka garini, ni kuuzuia wa kwanza usiendelee kuuzaa wa pili.

Kazi yangu ni ukaguzi wa majengo na maji katika nyumba za namna hiyo. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya wenye nyumba, vikundi vya vijana na familia zinazojenga vyumba viwili vitatu juu ya vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zikitarajia wageni. Wageni wana sababu ya kuja. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika na Ibanda yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Ng'ambo ya Mto Kagera iko hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Kyerwa kuna chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Henry Morton Stanley alizitembelea mwaka 1876 na ambazo wenyeji walizijua kwa tiba zamani kabla yake.

Huku hakuna theluji. Huko milima ya Ulaya nyumba za wapanda mlima hufungwa kwa sababu ya theluji, na anayefungua hubeba koleo. Kwetu kinachofunga nyumba ni mvua na barabara. Mvua huja mara mbili, Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei, kisha Juni hadi Agosti ni kiangazi chenye baridi, kile tunachokiita kipupwe. Kwa hiyo ufunguzi huangukia mwishoni mwa Mei, wakati ardhi ingali imelowa na usiku umeanza kung'ata.

Baridi hiyo ina hesabu yake. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Karagwe vinapita mita 1,600, na vingine 1,700. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5, hivyo aliyelala jana Bukoba, kando ya ziwa, akipanda leo atakutana na upungufu wa nyuzi tatu hadi nne kabla hata usiku haujaingia. Usiku mkavu usio na mawingu huongeza mengine, kwa kuwa joto la ardhi hupotea angani bila kizuizi. Si baridi ya kuua. Ila ni baridi inayomfanya mtu afunge kila dirisha, na madirisha yaliyofungwa ndiyo chanzo cha karibu kila tatizo nitakalolitaja.

Wazee wetu walilijua hili kwa njia yao. Msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, ulikuwa na moto ndani ambao haukuachwa uzimike. Moshi ulipenya kwenye nyasi, ukazikausha, ukawafukuza wadudu, na paa likadumu. Leo tunaezeka nyasi kwa ajili ya uzuri wa macho, chini yake tunaweka dari, moto tunauhamishia jikoni, halafu tunashangaa nyasi zinaoza haraka. Paa la nyasi lisilo na moshi linahitaji mwinamo mkali zaidi, jua la kutosha, na mtu wa kulikagua kila baada ya mvua. Asiyeweza kumlipa mtu huyo aezeke bati.

Basi tuseme umefika. Usikimbilie ufunguo. Kwanza kaa na mlinzi. Yeye ndiye aliyelala hapo Aprili nzima, anajua upepo ulitoka wapi, maji yalisimama wapi, mnyama gani alipita. Nimeona wenye nyumba wakimsalimia mzee wa watu kwa haraka na kupitiliza, kisha wakatumia siku mbili kutafuta tundu la paa ambalo angewaonyesha kwa kidole. Mpe nafasi aseme, mpe na chai.

Zunguka nje naye. Tazama misumari ya bati: raba zake zikishapasuka, maji hupita kwenye tundu la msumari na kuteremka kwenye kenchi bila kuonekana, mpaka mbao ziwe laini. Tazama chini ya kuta, kama kuna njia za udongo za mchwa. Tazama nyufa. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wa Kagera ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 kwa vipimo vya Wamarekani, na nyumba nyingi zilizobaki zimesimama zilibaki na majeraha. Ufa mwembamba wa plasta hauna neno. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha kwenda mshazari unahitaji kuangaliwa. Siku ya kufunga nyumba, paka kibandiko kidogo cha saruji juu yake na uandike tarehe. Ukirudi ukakuta kibandiko kimepasuka, ukuta bado unatembea, na hapo muite mhandisi kabla hujamwita mgeni.

Sasa fungua. Na hapa ndipo ninapotofautiana na desturi, kwa sababu wengi wakiingia kwenye nyumba yenye unyevu huwasha moto mara moja. Moto ndani ya nyumba iliyofungwa huutoa unyevu kwenye godoro na kuupeleka ukutani. Usiku ukuta ukipoa, maji hurudi kama jasho na ukungu hupata chakula kipya. Kinachokausha nyumba ni hewa, tena hewa ya saa yake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 13 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11 hivi za mvuke. Alfajiri, ukungu ukiwa umetanda, hewa hiyo imeshashiba. Hewa hiyohiyo ikipashwa na jua mpaka nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23, maana yake ina kiu ya gramu 12 zaidi, nayo itazichukua kutoka kwenye mapazia, mbao na magodoro yako. Kwa hiyo fungua milango na madirisha yote saa nne asubuhi, funga saa kumi jioni kabla bonde halijaanza kupumua. Fanya hivyo siku tano au sita mfululizo. Magodoro yatoke nje, yasimamishwe, yageuzwe. Godoro ambalo ukungu umeingia ndani ya sponji, litupe. Kulipaka dawa juu ni kumdanganya mgeni, na mwenye pumu atakugundua usiku wa kwanza.

Kabla ya kufagia, inua macho darini. Popo wakikaa miezi miwili bila kusumbuliwa huacha kinyesi kingi. Wengi wanaokaa kwenye mapaa ni wale wadogo wala wadudu, lakini mkoa wetu una sababu ya kuwa makini kuliko mikoa mingine. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Bukoba. Wagonjwa walikuwa tisa na sita wakafariki. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Virusi vyake hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni, na macho ya mtu wa kawaida hayamtofautishi popo mmoja na mwingine gizani. Usimshike popo, mzima wala mfu. Vaa barakoa na glovu, lowesha kinyesi kwa maji yenye klorini, kiache kilowe, ndipo ukikusanye. Kukifagia kikiwa kikavu ni kukivuta kifuani pamoja na kuvu wake. Matundu yazibwe jioni popo wakishatoka kuwinda, na tu pale ambapo hakuna watoto wao ndani. Mgeni akitaka kuona mapango, ajue kwanza kilichomo.

Kama nyumba yako ina sakafu ya udongo au kuta za tope zenye nyufa, mkumbuke papasi. Mdudu huyu anaweza kukaa miaka bila kula na bado akamwamkia mgeni usiku wa kwanza. Ameleta homa inayokuja, ikaondoka, ikarudi, tangu enzi za misafara. Robert Koch aliifuatilia mwaka 1905 kwenye kambi za njia za wapagazi wa koloni la Wajerumani, akaviona vimelea vyake hata ndani ya mayai ya papasi. Dawa ya kudumu ni sakafu ya saruji na nyufa zilizozibwa. Wafanyakazi nao wasilazwe kwenye chumba ambacho usingemlaza mgeni. Wao ndio wanaofika kwanza na ndio wanaoumwa kwanza.

Maji nayatengea siku nzima. Tanki la mvua lililokaa limefungwa huwa na tope chini, na wakati mwingine mjusi au panya aliyekufa. Limwage, lisugue, lijaze tena kisha litie klorini. Kwa tanki la lita 5,000, gramu 400 hivi za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hutoa kipimo cha miligramu 50 kwa lita, cha kusafishia. Fungua koki zote mpaka unuse klorini kila mahali, funga, acha saa 24, kisha mwaga yote mbali na migomba na mahali mifugo inaponywea. Maji hayo hayanywewi. Gata za paa zisafishwe kabla ya mvua ijayo, na manyunyu ya kwanza yaelekezwe nje ya tanki, maana ndiyo yanayosomba kinyesi cha ndege.

Wapo wanaouliza kama kuchemsha maji huku juu kunatosha, kwa kuwa yanachemka mapema. Kwenye mita 1,600 maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Kwa vijidudu hilo linatosha kabisa. Maharage, hata hivyo, hayaivi haraka, na mpishi aliyetoka Dar es Salaam asilaumiwe chakula kikichelewa. Ayaloweke tangu jana yake.

Umeme wa jua nitaupitia upesi. Betri ya asidi ya volti 12 iliyoachwa bila chaji hufa polepole. Ukipima asubuhi ikiwa imepumzika ikaonyesha chini ya 12.0, ichaji taratibu kabla ya kuiwekea mzigo. Na ufuate kwa macho waya wa shaba wa radi kutoka juu ya paa hadi ardhini. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi, na waya huo huibwa.

Narudi kwenye moto, kwa sababu ndio unaoua. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii tulilala watu watatu kwenye chumba kimoja, jiko la mkaa katikati, madirisha tumeyafunga kwa baridi. Mzee mlinzi alipita usiku, akaona mwanga mwekundu chini ya mlango, akagonga. "Mwanangu, fungueni mlango huo sasa hivi." Nilisimama, miguu ikakataa. Mwenzangu mmoja alitapika hadi alfajiri. Mkaa uliofifia, ule tunaodhani umeshakwisha ukali, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni kwa nguvu inayoizidi zaidi ya mara 200, na anayelala haamki kwa kukosa pumzi kwa sababu hahisi kuikosa. Maji yaliyowekwa juu ya jiko hayaizuii. Mlango ulioachwa wazi kidogo nao si wa kuaminiwa. Katika nyumba ninazokagua, jiko la mkaa haliingii chumba cha kulala, awe ni mgeni anayeomba au mwenye nyumba.

Barabara ndiyo hushawishi watu waharakishe. Lori lenye mzigo likipita kwenye udongo uliolowa wiki ya mwisho ya Mei, linaacha makorongo ambayo yatakaa hadi Septemba. Mizigo mizito, saruji, mitungi ya gesi, magodoro mapya, ipande Februari kabla ya mvua. Mei ipande pikipiki na watu. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kabla ya kumpangia mgeni tarehe, wala si baada ya kupokea fedha zake.

Vyandarua navyo viangaliwe tundu kwa tundu. Baridi huwadanganya watu kwamba mlimani hakuna mbu, ilhali malaria katika mkoa huu hupanda baada ya mvua, Mei hadi Julai, wakati uleule tunapofungua milango.

Mgeni wa kwanza akifika atakuwa na baridi, na ataomba moto. Mpe blanketi mbili za ziada zilizoanikwa juani mchana huohuo. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, jaza chupa isiyovuja, izungushie khanga, iweke miguuni pake chini ya shuka nusu saa kabla hajalala. Halafu nenda ukahakikishe kile kidirisha cha juu, karibu na dari, kiko wazi.