Je, Wajua? Masjala Isiyo na Makabati

Kutoka kata ya Kasulo, wilayani Ngara, hadi makao makuu ya mkoa mjini Bukoba ni safari ya saa kadhaa kwa gari. Barua ya ofisi iliyochapwa kwenye karatasi husafiri hivyo hivyo. Barua ya Ofisi Mtandao haihitaji gari.

Ofisi Mtandao ni mfumo wa ndani wa serikali uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), chombo kilichopewa nguvu na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Barua ikipokelewa masjala hupigwa skani, ikasajiliwa kwa namba na kuwekwa kwenye faili lake. Mkuu wa ofisi huandika dokezo na kumpelekea ofisa husika, kama zamani, ila sasa kwenye skrini. Faili likikaa mezani kwa mtu, mfumo unaonyesha ni kwa nani. Hilo pekee ni neema kubwa kwa mwananchi aliyezoea kuambiwa “faili halionekani”!

Si kila mtumishi anafungua kila kitu. Masjala ya wazi na ya siri bado zimetengana, kila mtumishi akiingia kwa nywila yake.

Na nyaraka za kusomwa na umma? Hizo zina mlango mwingine: mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zenye muundo mmoja, ambako hubandikwa matangazo, fomu na taarifa za bajeti.