Yasmin na Denge: Funzo kwa Wazazi

Vijana wetu hapa Songea wapenda sana senema za mapenzi zitokazo nchi za mbali. Lakini iko moja ya kwetu ambayo yafaa wazazi waifikiri: "Vuta N'kuvute", iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa Toronto, Kanada, mwaka 2021. Asili yake ni riwaya ya Adam Shafi.

Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, aozwa mume mzee asiyemtaka. Akimbia, kisha ampenda Denge, kijana mpigania uhuru. Walioigiza wawili hao ni Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika.

Huenda mtu akasema kwamba senema hiyo yafundisha mabinti uasi. Sisi twauliza: ni nani aliyetangulia kuasi? Dini yetu imeagiza binti aombwe idhini kabla ya kuozwa, naye Yasmin aliozwa bila ridhaa yake. Hatusifu kukimbia kwake, wala mapenzi ya siri. Lakini mlango alioutokea ulifunguliwa na wazee wake.

Basi, enyi wazazi, muulizeni binti yenu mapema, asije akawajibu kwa miguu yake.