Mota ya geti imekufa? Usitume pesa kabla hujauliza ni nini hasa kilichokufa

Meseji yenyewe unaijua. Inaingia kwenye grupu la ploti saa mbili usiku, wakati watu wamefika kejani na hawana nguvu ya kubishana. "Habari wapangaji. Mota ya geti imekufa. Kila nyumba itume Sh3,000 kufikia Ijumaa tuweke mpya. Asanteni kwa ushirikiano." Halafu nambari ya M-Pesa. Dakika mbili baadaye jirani wa 4B ameshatuma na kuweka skrinshoti, ili sote tuone uzalendo wake.

Kabla nawe hujatuma, piga hesabu. Ploti ya nyumba 30, kila moja ikitoa Sh3,000, ni Sh90,000. Sasa mota ya kawaida ya geti la kuteleza huuzwa mjini pamoja na rimoti zake kwa kati ya Sh35,000 na Sh60,000 hivi, kutegemea uzito wa geti inaloweza kuvuta. Zile za chapa yenye jina, kama Centurion ya Afrika Kusini, zinaweza kupita hapo. Kazi ya kufunga, kama waya na msingi wa simiti viko tayari, haipiti Sh15,000 kwa fundi asiye mwizi. Weka 60,000 na 15,000 pamoja. Bado kuna Sh15,000 inayotafuta mwenyewe.

Na hapo tumekubali kwamba mota imekufa kweli. Mara nyingi haijakufa.

Ndani ya lile sanduku la plastiki kando ya geti hamna maajabu. Kuna mota yenyewe, kuna gia zinazopunguza kasi yake, kuna bodi ya saketi inayopokea amri ya rimoti, na kuna gurudumu la meno linaloshika reki, ule ukanda wa meno uliofungwa kwenye geti kutoka mwanzo hadi mwisho. Mota inazunguka, meno yanasukuma reki, geti linateleza. Basi. Aina ni mbili: zinazokula stima ya volti 240 moja kwa moja, na zinazoendeshwa na betri ambayo kazi ya stima ni kuichaji tu. Ujue yenu ni ipi, maana magonjwa yao si sawa.

Ile ya stima ya moja kwa moja ikinguruma "mmmm" na geti halisogei, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Hiki ni kikopo kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Kikichoka, mota inabaki ikilalamika kama msee aliyeamshwa Jumatatu asubuhi. Kapasita mpya pale Luthuli Avenue ni kati ya Sh300 na Sh1,000. Ongeza Sh2,000 za fundi. Yaani ploti nzima inaweza kutengenezewa geti kwa zile Sh3,000 ulizoambiwa utume wewe peke yako. Wueh!

Ile ya betri ikifanya kazi vizuri stima ikiwepo lakini inalala stima ikipotea, hiyo ni betri imezeeka. Nyingi hutumia betri ya volti 12 ya ukubwa ule ule wa kengele za usalama, na bei yake huwa Sh2,000 hadi Sh3,500. Zinadumu miaka miwili, mitatu, halafu zinakwisha, hata ukiombea. Shida ni kwamba hakuna anayejua imekwisha hadi giza liingie. Unakumbuka mwaka 2023? Stima ilipotea karibu nchi nzima Agosti 25, ikarudia Novemba 11, ikarudia tena Desemba 10. Usiku kama huo ndio hufichua ploti ambayo betri yake haijaguswa tangu geti lifunguliwe na mkandarasi.

Na hapo ndipo soja anaingia kwenye hadithi. Kila mota ina ufunguo wa kuiachia ili geti lisukumwe kwa mkono. Stima inapotea, mzee anaachia, anasukuma usiku kucha huku nyinyi mkirudi kutoka raha zenu mkipiga honi. Stima inarudi, mtu anabonyeza rimoti, mota inazunguka vizuri kabisa na geti halisogei hata inchi. Fundi anaitwa. Fundi anageuza ule ufunguo kurudi mahali pake, sekunde kumi, na bili inaandikwa "sevis". Nenda kamuulize mzee kwanza: "Mzee, ulilifungia tena baada ya stima kurudi?" Swali hilo ni la bure.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye hakuna anayemtaja kwenye grupu: mjusi. Bodi ya saketi huwa na joto kidogo, na mjusi anapenda mahali pakavu penye joto. Anaingia kupitia tundu la waya, anakanyaga pasipokanyagwa, anakufa, na bodi inakufa naye. Sisimizi nao hufanya hivyo hivyo, ila wanakuja na ukoo mzima. Radi pia, msimu wa mvua. Lakini hata hapo, kabla bodi haijahukumiwa, kuna fyuzi ndogo ya kioo ya chini ya Sh100 ambayo kazi yake ni kufa kwa niaba ya wengine. Fundi mzuri huanza nayo. Fundi wa haraka huanza na bodi mpya, ambayo inaweza kukula zaidi ya Sh10,000, ilhali kuna vijana mjini wanaobadilisha kijisehemu kimoja tu kilichoungua na kuirudisha hai kwa elfu mbili, elfu tatu. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha umeme cha kukuonyesha, lakini bodi iliyoungua ina alama nyeusi na harufu. Hata wewe utaiona. Mwambie tu, "Fundi, hebu nionyeshe palipoungua."

Lakini niseme kile ambacho wauza mota hawapendi kusema. Mara nyingi mgonjwa ni geti lenyewe.

Geti la ploti ni chuma, kilo mia kadhaa, linatembea juu ya rola nne au chini ya hapo kwenye reli iliyojaa mchanga na vifuniko vya soda. Rola zikiliwa, geti linakuwa zito. Mota inavuta, inapata joto, inavuta tena, hadi siku moja inaungua kweli. Wanaleta mpya, wanaifunga kwenye geti lile lile, na baada ya mwaka meseji inarudi kwenye grupu. Kipimo chake hakihitaji chombo: mota iachiwe, mtu mmoja asukume geti kwa mkono. Likienda bila kumtoa jasho, geti ni zima. Likihitaji watu wawili na dua, itwe welda kabla ya fundi wa mota. Rola moja ni Sh1,000 hadi Sh2,500, na kufagia reli ni bure. Nyinyi wa Nyali na Bamburi mna na chumvi ya bahari juu ya hayo, kwa hiyo msingoje mwaka uishe ndipo mwangalie.

Sasa, kuna wakati mota mpya ni haki. Waya za ndani zikiungua, kuzifunga upya na kulipa fundi kunaweza kukaribia bei ya mpya. Chapa ikiwa haina spea tena nchini, usihangaike. Na kuna hili la tatu linalonikera kuliko yote: mota iliyofungwa tangu mwanzo ikiwa ndogo. Mota ya nyumba ya familia moja imeundwa kufungua geti mara chache kwa siku. Ukiifunga kwenye ploti ya nyumba 40 pale Ruaka au Syokimau, yenye magari, bodaboda za kuleta chakula na teksi za mtandaoni mchana kutwa, itakufa tu. Mwenye nyumba aliokoa chapaa siku ya kwanza, nanyi mnamlipia kila mwaka. Kwa hiyo kama inanunuliwa mpya, ulizeni imeandikiwa kilo ngapi na kufungua mara ngapi kwa siku. Kikaratasi cha mtengenezaji huwa kinasema.

Ulizeni pia kuhusu macho. Hizi ni sensa mbili ndogo zinazotazamana kando ya njia ya geti, zikitumiana mwanga usioonekana. Mtoto au gari likikatiza mwanga huo, geti linasimama au linarudi. Jozi moja haizidi sana Sh5,000, na ndicho kitu cha kwanza kufutwa bei ikipunguzwa. Kule Marekani, watoto walikufa chini ya milango ya gereji inayojifunga yenyewe, hadi serikali ikalazimisha kila mota ya mlango wa gereji ya nyumbani iliyotengenezwa kuanzia 1993 iwe na kinga ya namna hiyo. Geti letu ni zito kuliko ule mlango, na watoto wetu wanachezea pale pale penye geti kwa sababu ploti haina mahali pengine pa kuchezea. Angalia pia kama mwisho wa reli kuna kizuizi cha chuma kilichochomelewa vizuri. Geti likipitiliza reli na kuanguka, hakuna mtu wa kulishika. Ukiambiwa pesa haitoshi macho, bora mkose rimoti kumi za ziada.

Haya, nani analipa? Kwanza toa mkataba wako ulipoufukia. Kama kila mwezi unalipa ada ya huduma, ile mnayoita sevis chaji, soma imeandikwa ni ya nini. Mara nyingi ni taka, taa za ngazi, ulinzi na geti. Kama geti limo, umeshalipa, na swali ni pesa hizo ziko wapi. Kama mkataba umenyamaza, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inasema pale mtu anapokodisha sehemu tu ya jengo, ni wajibu wa mwenye jengo kutunza paa, kuta za nje, na pia sehemu na mitambo inayotumiwa na wote. Geti mnalopitia nyote ni la nani kama si la wote?

Najua hakuna mtu atamshtaki mwenye nyumba kwa Sh3,000. Lile baraza la kodi nalo husikiza nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, na kwa Sh2,500 hakuna keja yenye geti la mota. Mahakama ya Madai Madogo ipo, inapokea madai ya hadi Sh1 milioni, lakini tusidanganyane, wengi wetu tunaogopa kufukuzwa kuliko tunavyopenda haki. Ndiyo maana usiende kama mwanaharakati. Usiandike peke yako pia. Ongea na majirani wanne watano kando kwanza, hata yule wa 4B. Halafu mmoja wenu aandike kwa heshima: "Habari ya jioni, mzee. Tumepata ujumbe. Tunaomba kujua fundi amesema ni kitu gani kilichoharibika, na bei aliyoandika. Tukinunua mpya tungependa risiti ya eTIMS kwa jina la ploti, na ile ya zamani ibaki hapa." Hakuna tusi hapo. Lakini risiti ya eTIMS inaingia kwenye mfumo wa KRA, na mtu aliyepanga kununua ya Sh40,000 na kuwaambia ni Sh80,000 ataanza kukumbuka kwamba labda ni kapasita.

Ile ya zamani kubaki si ubishi. Ina shaba, ina gia, ina bodi. Fundi anayeiondoa "akaitupe" haendi kuitupa. Kesho iko kwenye geti la ploti nyingine, ikiwa imewekewa kile kile kikapasita.

Kitu kimoja usikifanye: kufungua lile sanduku mwenyewe kwa bisibisi ya jikoni. Kuna volti 240 mle, na kapasita inaweza kukupiga hata stima ikiwa imezimwa. Na kama kwenu ni Karen na mna gereji ya mlango unaopanda juu, usiguse zile springi. Zimebeba uzito wa mlango mzima, na zikichomoka hazichagui.

Mwisho ni rimoti. Ikifanya kazi ukiwa karibu tu, badilisha betri yake kabla ya kulilia rimoti mpya ya Sh3,000. Kibetri ni kama Sh100. Za zamani zenye namba moja isiyobadilika zinanakiliwa mjini kwa mia chache, raha, ila ujue mpangaji aliyehama 2021 naye alinakili yake. Za kisasa hubadilisha namba ya siri kila unapobonyeza, kwa hiyo hazinakiliwi hivi hivi. Lazima fundi aziandikishe kwenye mota yenyewe. Siku bodi au mota inabadilishwa, mwambieni afute rimoti zote za zamani na kuandikisha za waliopo tu, nyumba kwa nyumba, mkimwona. Nawe ukihama, irudishe yako na uandikiwe mahali kwamba umeirudisha, kwa sababu rimoti "iliyopotea" ndiyo kisingizio cha kwanza cha kukata dipoziti yako.