Bulabo: Asili ya Mashindano ya Ngoma za Wasukuma

Sisi tuishio ughaibuni, tukiulizwa habari za ngoma za kwetu, aghalabu hutaja zile zichezwazo jukwaani kwa zamu. Walakini kule Bujora, karibu na Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, wakati wa tamasha la Bulabo ngoma hazingojani. Vikundi viwili hushuka uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake na mtunzi wake, na watazamaji, ambao ndio makadhi wa shauri hilo, huhukumu kwa miguu yao: aliyevutiwa husogea, aliyechoka huhama, na kikundi kitakachozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho kilichoshinda.

Husuma hii ni kongwe kuliko tamasha lenyewe. Masimulizi ya Wasukuma yasema kwamba katika karne ya 19 walikuwako waganga wawili, Ngika na Gumha, mahodari wa kucheza na wa dawa, walioshindana hata wafuasi wao wakagawanyika, wa Ngika wakaitwa Bagika na wa Gumha Bagalu, na mgawanyiko huo ungalipo. Na kwa kuwa waasisi walikuwa waganga, kikundi hakiendi uwanjani bila ya dawa ya kuvuta watu.

Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyejenga kituo cha Bujora katika miaka ya 1950, hakuziharimisha ngoma hizo kama walivyofanya wamisionari wengi wa zama zake. Alizikaribisha katika sikukuu ya Ekaristi, ndiyo Bulabo, ambayo kwa bahati njema huangukia msimu wa mavuno, mkulima anapopata wasaa wa kucheza, na pamoja na hayo akakusanya vyombo vya watemi hata vikawa Makumbusho ya Wasukuma.

Katika ngoma zote mashuhuri zaidi ni bugobogobo. Mchezaji hulirusha jembe hewani, likazunguka, akalidaka kwa mpini pasi na kupotewa na mapigo, na ustadi huo umetoka shambani, ambako vikundi vya kulima vilikwenda sambamba kwa mdundo wa ngoma ili safu isivunjike na uchovu usahaulike. Bayeye nao, wajuzi wa nyoka na wa dawa ya sumu yake, hucheza na chatu aliye hai, na hapo umati hurudi nyuma kwanza, kisha husogea tena.

Naona kwa yakini kwamba kilichozihifadhi ngoma hizi ni hamu ya kumshinda jirani. Mtunzi ajuaye kwamba watu waweza kumwacha kabla hajamaliza ubeti hulazimika kutunga upya kila mwaka. Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu waandaao siku za utamaduni huku ugenini: mkipata vikundi viwili, msiviwekee ratiba wala meza ya majaji, vipeni uwanja mmoja, vianze pamoja, na watu waachiwe nafasi ya kutembea.