Bahari Huanza na Kisima

Ikitajwa habari ya bahari kupanda, wengi hutazama ufukoni: minazi iliyong'olewa na mawimbi, kuta zilizobomoka wakati wa bamvua. Lakini katika vijiji vingi vya pwani, bahari hufika kisimani kabla haijafika mlangoni.

Maji ya kisima cha pwani ni mvua iliyopenya mchangani au kwenye mawe ya matumbawe. Chini yake yamo maji ya bahari, na kwa kuwa hayo ni mazito zaidi, maji baridi huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji ya ardhini hukadiria kwamba penye mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari, huwapo takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo kinachopungua kidogo juu hupungua sana chini.

Tangu mwaka 1900 bahari duniani imepanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na kasi inaongezeka. Palipoinuka, maji ya ardhini hupanda pamoja na bahari, na hasara huwa ndogo. Penye tambarare hayana pa kupandia: hufurika juu ya ardhi au hukaushwa na jua, na tabaka lake likazidi kuwa jembamba. Pampu kubwa huzidisha balaa, maana huyavuta maji ya chumvi kutoka chini.

Mashariki mwa Unguja, kwenye maweni, mwamba umejaa matundu, na chumvi hupita upesi. Lamu nako, mji hutegemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kuchota mchanga huo ni kubomoa tangi la mji.

Ukuta kama ule wa Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, huzuia mawimbi. Maji yapitayo chini ya ardhi hauyawezi. Kisima kina dawa yake: kuvuna mvua, kuchota kidogo kidogo kwenye visima vifupi vingi badala ya kimoja kirefu, na kupima chumvi masika na kiangazi. Kifaa cha kupimia hushikwa mkononi, na kamati ya maji ya kijiji inaweza kukitumia. Chumvi ikigunduliwa mapema, pampu hupumzishwa. Ikishaenea, mvua inaweza kuchukua miaka kuisafisha.