Matope ya Gazi

Labda wewe wadhani mkoko ni boriti na kuni tu. Ami yangu pia. Nyumba yetu aliijenga kwa mikoko. Kumbe mti huu hufyonza hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto duniani, na kuizika matopeni. Humo oksijeni ni haba, basi mizizi na majani hayaozi upesi. Mikoko ikikatwa, matope hubaki wazi na hewa ile hutoroka.

Tangu 2013, Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 kupitia Mikoko Pamoja. Wanunuzi wa ng'ambo hulipia tani kama 3,000 za hewa hiyo kwa mwaka. Pesa zimeleta maji na vitabu.

"Sasa tujengee vitabu?" ami huuliza. Ana haki. Ndiyo maana ikapandwa mivinje, ikatwe hiyo.