Waliovizia Deltic kaskazini mwa Uingereza

Stesheni ya York, iliyofunguliwa mwaka 1877, ina paa refu la vyuma na vioo lililopinda kufuata kona ya reli. Abiria hujibanza chini ya paa hilo wasilowe. Lakini katika miaka ya 1970, ukitembea hadi mwisho wa jukwaa, pale paa linapokoma na upepo kuanza, ungekuta watu wasiokuwa na safari yoyote. Walikuwa wanaume wa makamo na wavulana wa shule, makoti yamefungwa hadi kidevuni, chupa za chai miguuni, daftari mfukoni, kamera shingoni. Walikuwa wamekata tikiti ya jukwaani, ile ya bei ndogo iliyomruhusu mtu kuingia stesheni bila kupanda treni, na hapo wakashinda kutwa nzima.

Waingereza wenzao waliwacheka, na hadi leo wanawacheka. Mimi siwacheki. Jamii ile ilikuwa na wazee wake, jando lake, miiko yake na matanga yake. Ajabu yake ni kwamba yote hayo yalizunguka mashine za dizeli.

Jando lilianza na kitabu. Mwaka 1942 kijana aitwaye Ian Allan, mfanyakazi wa kampuni ya reli ya Southern kule London, alichoshwa na barua za watu walioulizia habari za vichwa vya treni, akachapisha orodha yake mwenyewe. Vijitabu vyake vya ABC vikaenea nchi nzima. Mtoto wa Leeds au Darlington alijinyima peremende akanunua chake, akaenda relini, na kila kichwa alichokiona kwa macho yake alikitafuta kitabuni na kupiga mstari chini ya namba yake, kwa rula. Hakuna mtu aliyemkagua. Angeweza kupiga mistari kitabu kizima akiwa kitandani, lakini mstari wa uongo ulikuwa aibu ambayo mtoto angekaa nayo peke yake, na watoto wengi waliiogopa kuliko kiboko cha mwalimu. Wakishabalehe, baadhi waliazima kamera ya baba. Hapo ndipo mtu alipopanda daraja: kuona kulikuwa kwa watoto, kupiga picha kulikuwa kwa wakubwa.

Upande wa kaskazini mashariki, mfalme alikuwa Deltic. Vilikuwa vichwa 22 tu, vilivyoundwa mwaka 1961 na 1962 katika kiwanda cha Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, mji mdogo ulio kati ya Liverpool na Manchester. Kazi yake ilikuwa kuvuta treni za mwendo kasi kutoka London kwenda York, Newcastle na Edinburgh, na vichwa hivyo 22 vilichukua nafasi ya 55 vya mvuke. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na injini mbili za Napier, za jamii iliyobuniwa kwa ajili ya boti za kivita, kila moja ikiwa na silinda 18 zilizopangwa kwa umbo la pembetatu. Kwa pamoja zilitoa nguvu za farasi 3,300 na kuifikisha treni kilomita 160 kwa saa. Watoto walizijua tarakimu hizi kwa moyo, lakini kilichowateka ni sauti: mvumo mzito wenye mtetemo, uliofika sikioni kabla treni yenyewe haijaonekana. Injini ikiwashwa asubuhi ya baridi, moshi wa rangi ya samawati ulifunika jukwaa na wote waliosimama juu yake.

Tena vichwa hivyo vilikuwa na majina. Vinane vilipewa majina ya farasi wa mashindano, kama Pinza, Crepello na Tulyar. Vingine 14 vilibeba majina ya vikosi vya jeshi, vingi vyake vikiwa vya kaskazini na vya Uskoti. Kwa hiyo mjukuu wa askari wa zamani wa The Durham Light Infantry aliweza kusimama kando ya reli ya Durham akasubiri kikosi cha babu yake kipite mbio.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kati ya York na Darlington reli imenyooka na nchi ni tambarare, ndiyo maana treni zilikimbia sana hapo. Mpiga picha amesimama juu ya daraja la barabara karibu na Northallerton. Ndani ya kamera mna Kodachrome, filamu yenye rangi za kupendeza lakini iliyohitaji mwanga mwingi mno: wepesi wake wa kunasa mwanga ulikuwa 25 au 64 tu. Treni ya kilomita 160 kwa saa hukata mita 44 kila sekunde, hivyo ili picha isitoke na ukungu kamera ifunguke kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde. Jua likiwaka, hesabu inakubali. Wingu likipita, hata lenzi ikifunguliwa hadi mwisho wake, picha itatoka giza, na kaskazini mwa Uingereza mawingu hayangoji kualikwa. Basi mtu yule anachagua taruma moja, analenga lenzi hapo, na anangoja. Mvumo unasikika. Uso wa njano unatokea kwa mbali, unakua, unagusa taruma lile, na kidole kinashuka mara moja. Ni mara moja tu, kwa maana filamu ilisogezwa kwa kidole gumba, na mpaka uisogeze, lililobaki mbele yako ni behewa la mwisho.

Kisha anatoa daftari: namba ya kichwa, saa, mahali, mwendo wa kamera. Anafunga daftari, anamimina chai, anangoja nyingine. Filamu ya picha 36 ikiisha, hutumbukizwa katika posta kwenda kwenye maabara ya Kodak, gharama ya kuisafisha ikiwa imo tayari katika bei ya kununulia. Siku zinapita. Tarishi anakuja na kisanduku, na slaidi moja moja inainuliwa dirishani. Hii pua ya treni imekatwa. Hii nguzo ya simu imeota juu ya paa la kichwa. Hii kiwiko cha jirani. Katika 36, mtu aliyepata nne za kujivunia alifurahi wiki nzima.

Picha nzuri ilikuwa na sheria zake, na wazee walizifundisha bila kuandika popote. Jua liwe nyuma ya bega lako. Treni ije kwa mshazari, uso na ubavu vyote vikiangazwa. Namba isomeke. Watu wasiwemo. Na pale penye wapiga picha wengi, aliyetangulia ndiye mwenye mahali. Aliyechelewa husalimu, huuliza, husimama nyuma au pembeni. Anayejitokeza mbele dakika ya mwisho husikia maneno ambayo mama yake hakumfundisha. Kuvuka uzio bila kibali cha shirika la reli ulikuwa mwiko, kwa sababu mmoja akigongwa wote watafukuzwa. Habari zilikuwa mali ya umma: anayejua ni Deltic ipi inavuta treni ya saa nane humwambia hata asiyemjua. Hadi mwaka 1976 treni zenyewe zilisaidia, kwani zilibeba usoni alama nne, ya kwanza ikiwa tarakimu 1 kwa treni ya mwendo kasi, na herufi S ikifuata kama inakwenda Uskoti. Dereva akipiga honi, mikono yote ilipungwa, ya wazee na ya watoto.

Wanawake walikuwa wachache sana, na sitadai vingine. Ninavyoona mimi, pale mwishoni mwa jukwaa palikuwa mahali ambapo baba na mwana wa Yorkshire, watu wasio na mazoea ya kuelezana ya moyoni, waliweza kukaa bega kwa bega siku nzima wakizungumzia injini.

Tabaka halikuhesabiwa. Mzee aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa askofu. Eric Treacy alianza kupiga picha za treni akiwa padri wa parokia ya Edge Hill, Liverpool, mtaa wa wafanyakazi wa reli, akawa rafiki wa madereva na wapiga makaa. Baadaye akawa Askofu wa Wakefield. Alifariki Mei 1978 kwenye stesheni ya Appleby, alikokwenda kupiga picha ya treni ya mvuke. Wenzake hawakuona kifo kile kuwa cha kusikitisha sana.

Appleby iko kwenye reli ya Settle hadi Carlisle, na kwa watu hawa njia hiyo ilikuwa hija. Inapanda milimani hadi mita 356 pale Ais Gill, na inavuka bonde la Ribblehead juu ya daraja la mawe lenye matao 24. Mvua yake si ya mchezo. Kuzunguka daraja hilo kuna milima mitatu, Whernside, Ingleborough na Penyghent, na majina ya yote mitatu yalipewa vichwa vya dizeli vya jamii iliyoitwa Peak. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa: vichwa vikubwa vya mvuke vya daraja la 59, vilivyopanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi vikiwa na majina kama Mount Kenya na Mount Kilimanjaro, viliundwa Manchester. Miaka ya 1980 shirika la reli lilitaka kuifunga njia ya Settle. Watu wakaja kwa maelfu, kamera mkononi, tikiti zikanunuliwa kwa wingi, na mwaka 1989 serikali ikakataa ifungwe. Ni moja ya mara chache jamii hii ilipozuia mazishi.

Kwa kawaida huyahudhuria tu, na hapo ndipo penye tabia yake ya ajabu kuliko zote: humpenda marehemu kuliko aliye hai. Treni za mvuke za British Rail zilipokoma Agosti 1968, wengi walifungia kamera kabatini wakaapa hawataipiga picha dizeli hata siku moja. Kwao Deltic ilikuwa muuaji. Wadogo zao, ambao hawakuujua mvuke, waliipenda Deltic. Mwaka 1978 zikaingia upande wa kaskazini mashariki treni za InterCity 125, kilomita 201 kwa saa, na sasa hawa nao wakapata adui wa kumtukana. Deltic zikasukumwa kwenye treni za pole pole, na tarehe 2 Januari 1982 ikawa safari ya kuaga: Tulyar iliivuta treni hadi Edinburgh, Royal Scots Grey ikairudisha London, na majukwaa na madaraja yalijaa watu katika baridi ile. Nyingi zilikatwa vipande Doncaster. Sita ziliokolewa, moja ikiwa mali ya jumba la makumbusho ya reli la York.

Na ile 125 iliyochukiwa? Tarehe 1 Novemba 1987 ilifika kilomita 238 kwa saa kati ya Darlington na York, rekodi ya dunia ya wakati huo kwa treni ya dizeli. Watoto waliozaliwa ikiwa tayari imeenea waliipenda, wakaomboleza injini zake za zamani zilipobadilishwa, na Desemba 2019 ilipoziaga safari za London kwenda York na Newcastle, waliosimama mwishoni mwa jukwaa walikuwa wanalia machozi yaleyale.

Mabaki ya haya yote ni maelfu kwa maelfu ya slaidi, na niseme wazi, nyingi zinachosha. Jua ni lilelile, mshazari uleule. Zinazonishika ni zile zilizovunja sheria: kibanda cha kuongozea treni na mzee dirishani, rundo la makaa ya mawe nyuma ya behewa la tatu, bomba la moshi la kiwanda, mama na kigari cha mtoto kwenye daraja. Migodi ya makaa ya Durham na Yorkshire imefungwa. Wapiga picha walisogea hatua mbili kushoto ili bomba la moshi lisiingie. Leo ningewasihi wasogee kulia. Lakini hata picha ya kuchosha ina kitu kimoja kinachoiokoa, nacho ni daftari. Namba, saa, mahali, mwaka: mtafiti hahitaji kubahatisha.

Kiwanda kile cha Newton-le-Willows kiliunda pia vichwa vya dizeli vya daraja la 90 vya Reli za Afrika Mashariki. Vilipita vijijini kwetu miaka mingi, na wengi wetu tuna picha ya ndugu kasimama mbele ya treni ambayo hakuna ajuaye ilikuwa ikienda wapi. Msomaji, kama unayo ya Voi, Tabora au Tororo, igeuze uandike nyuma yake: namba ya kichwa kama inasomeka, stesheni, mwaka, na majina ya waliosimama jukwaani, maadamu yupo bado anayewakumbuka.